Michael Graham, Mwanasayansi Aliyehesabu Ngege

Mla samaki anayeagiza ngege katika mkahawa wowote wa Homa Bay au Sori huletewa samaki, naye hula akashiba, bila kujua kwamba aliyeko sahanini siye mwenye jina. Samaki huyo ni perege wa Mto Nile, mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Ngege wa asili ametoweka karibu kabisa katika Ziwa Victoria, jina lake likarithiwa na mgeni. Sisi tunaochunguza lugha tumezoea kuona neno likidumu baada ya kitu chake kupotea, lakini ni mara chache kitu hupotea upesi hivi.

Aliyempa ngege jina la kisayansi, mwaka 1928, alikuwa Mwingereza Michael Graham. Katika jina hilo alitia neno la Kilatini lenye maana ya kitu kifaacho kuliwa. Graham alizaliwa mwaka 1898. Alifanya kazi katika maabara ya uvuvi ya Lowestoft, mashariki mwa Uingereza, akichunguza chewa wa Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1927 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilimtaka aje alipime Ziwa Victoria, akisaidiwa na kijana E. B. Worthington. Tusijidanganye kuhusu nia ya waliomtuma: walitaka kujua kwa nini mavuno yalikuwa yakipungua, na mapato yangetoka wapi.

Kabla ya hapo, Wajaluo walivua kwa migono waliyoiita osadhi, na kwa nyua za kek zilizotandwa mitoni kuwanasa ningu wapandao kutaga mayai, katika mito kama Kuja. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega zilizofumwa kwa uzi wa kitani. Mwanzoni wavu mmoja uliweza kunasa makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Graham alipofika katika Ghuba ya Winam, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hata kutofikia kumi. Aliona kwamba samaki walikuwa wakivuliwa kabla hawajazaa. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 5, na chombo kimoja cha kusimamia ziwa zima, kwa kuwa ngege hatambui mpaka wa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kulikuwa na pendekezo jingine akilini mwa wengi wakati ule: kuleta samaki mkubwa mla wenzake ili awageuze fulu, vile visamaki vidogo vyenye miiba, kuwa nyama ya kuuzika. Graham alionya kwamba jambo hilo lingekuwa la hatari kubwa mno, isipokuwa litanguliwe na utafiti wa kina. Hayo yalichapishwa miaka 25 kabla ya mbuta wa kwanza kutiwa ziwani.

Sheria ya inchi 5 ilipitishwa, ikavunjwa mchana na usiku, na hatimaye ikafutwa kati ya katikati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Mbuta naye aliingizwa kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, wataalamu wakiwa bado wanabishana. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uamuzi wa watu waliokuwa na haraka ya mafanikio, ambao ripoti ya Graham ilikuwa mbele yao.

Graham mwenyewe alikuwa amerudi kwao zamani. Aliandika vitabu kuhusu uvuvi na kuhusu udongo, akawa mkurugenzi wa utafiti wa uvuvi nchini mwake kuanzia mwaka 1945 hadi 1958. Alishikilia kwamba uvuvi usio na kikomo mwishowe humfilisi mvuvi mwenyewe. Mwaka 1946 mataifa ya Ulaya yalikutana London kukubaliana juu ya ukubwa wa macho ya nyavu katika bahari zao. Huko hoja ya aina hii ilisikizwa. Alifariki mwaka 1972.

Kwa hiyo hakuyaona ya miaka ya 1980, mbuta walipofurika kutoka Mbita hadi Muhuru, na aina zinazokadiriwa kufikia 200 za fulu zikatoweka. Viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na fedha, tukiri, zikasomesha watoto wengi. Lakini mbuta ana mafuta; hakauki juani kama fulu, akahitaji moshi, na moshi ukahitaji kuni za vilima vyetu. Mama aliyezoea kununua samaki ufuoni akabaki akigombania mifupa iliyotoka viwandani.

Dunia nayo ilikuja. Mwaka 1994 nchi tatu zilitia sahihi Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Ndicho chombo kile cha ziwa zima, miaka 65 baada ya ripoti. Benki ya Dunia ikagharimia mradi wa mazingira ya ziwa. Mwaka 1999 Ulaya ilipiga marufuku samaki wetu kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, na hatua hiyo ilitekelezwa kwa kasi ambayo onyo la mwaka 1929 halikuipata kamwe.

Ngege wa asili angali anapatikana katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, ambako mbuta hakufika. Anayetaka kumwona yule aliyehesabiwa na Graham hana budi kwenda huko.