Mtakatifu Jeanne d'Arc na vazi lake

Wengi wenu mmekwisha kuiona sanamu ya Mtakatifu Jeanne d'Arc: msichana amesimama, amevaa chuma toka shingoni hata miguuni, na bendera i mkononi mwake. Watu huitazama sanamu hiyo, kisha huulizana: kwa nini msichana mcha Mungu alijivika kama askari? Je, moyo wake ulikuwa wa kiume? Swali hilo si jipya. Lilitajwa tena na tena katika mji wa Rouen, mwaka 1431, mbele ya makumi ya mapadri na wanasheria, na mwisho wa mashauri yale msichana alichomwa moto. Kwa hiyo yafaa kuyaeleza maisha yake kwa kulifuata vazi lake.

Alizaliwa yapata mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, karibu na mto Meuse, mpakani mwa Lorraine. Baba yake, Jacques d'Arc, alikuwa mkulima mwenye mali kidogo. Mama yake, Isabelle Romée, ndiye aliyemfundisha Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Jeanne hakujua kusoma wala kuandika. Alijua kazi za nyumbani, hasa kusokota uzi na kushona, naye alijivunia kazi hizo: hata mbele ya mahakimu alidai kwamba haogopi kushindana na mwanamke ye yote wa Rouen. Neno hili tulishike vema, maana wengine hudhani kwamba aliyelikataa gauni alizidharau kazi za wanawake. Sivyo.

Ufaransa wakati ule ilikuwa katika taabu kubwa. Vita na Waingereza vilianza mwaka 1337. Mwaka 1420, kwa mapatano ya Troyes, mfalme Charles VI, aliyekuwa na ugonjwa wa akili, alimnyima mwanawe urithi, ili ufalme umwendee mfalme wa Uingereza. Miaka miwili baadaye wafalme wote wawili walikufa. Waingereza wakabaki na mtoto mchanga, Wafaransa wakabaki na kijana Charles, ambaye hakuwa amepakwa mafuta ya ufalme wala hakuwa na fedha. Nao watu wa Burgundy, Wafaransa kwa damu, walikuwa upande wa Waingereza.

Jeanne alipokuwa na miaka kama kumi na mitatu alianza kusikia sauti bustanini kwa baba yake. Baadaye alieleza kwamba waliosema naye ni Malaika Mikaeli, na Watakatifu Katarina na Margarita. Walimwagiza aende kumsaidia mfalme. Mwanzoni mwa mwaka 1429 akafika mara ya pili kwa Robert de Baudricourt, mkuu wa ngome ya Vaucouleurs, amevaa gauni jekundu lililochakaa. Askari mmoja, Jean de Metz, alipoona kwamba msichana huyu hachezi, alimwuliza kama anataka kusafiri na nguo zile. Akajibu kwamba kwa hiari yake angevaa nguo za mwanamume. Basi Jean akampa nguo na viatu vya watumishi wake. Halafu watu wa Vaucouleurs wakamshonea nyingine zilizomwenea. Nywele zake zikakatwa fupi, kama za vijana wa siku zile.

Tazameni jinsi jambo lilivyoanza. Hakuna majivuno, wala tamaa ya kutazamwa. Kulikuwa na safari ya siku kumi na moja mpaka Chinon, katika nchi iliyojaa maadui, pamoja na wanaume sita, mara nyingi usiku. Walipopumzika, Jeanne alilala karibu na askari wale bila kuvua nguo zake. Soksi ndefu za kitambaa, zilizofika kiunoni kama suruali, zilifungwa imara kwa kamba na koti la ndani. Baadaye Jean de Metz alishuhudia kwa kiapo kwamba hakuwa na wazo baya juu yake, kwa jinsi alivyomheshimu. Nasi twamsadiki, walakini kamba zile nazo zilifanya kazi yao.

Huko Chinon alimtambua mfalme kati ya watu wa baraza lake. Mfalme hakumpokea upesi. Alimpeleka Poitiers, nako wateolojia walimwuliza maswali kwa muda wa majuma kama matatu. Hapana shaka waliijua amri ya kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomkataza mwanamke vazi la mwanamume. Lakini walijua pia mafundisho ya Mtakatifu Thomas wa Aquino: kwamba jambo hilo kwa lenyewe ni baya, ila laweza kufanyika pasipo dhambi ikiwa lazima yalitaka, kwa mfano kujificha machoni pa maadui, au kwa kukosa nguo nyingine. Mwishoni hawakuona kwake ila wema, unyenyekevu na ubikira. Maneno yao yaliandikwa katika kitabu. Alipohukumiwa, Jeanne aliwasihi mahakimu zaidi ya mara moja wakisome kitabu kile cha Poitiers. Hakikusomwa, nacho kimepotea hata leo.

Baada ya hayo mfalme aliagiza atengenezewe mavazi ya chuma huko Tours, kwa bei ya livre 100. Jeanne mwenyewe aliagiza bendera nyeupe, yenye sura ya Bwana wetu na malaika wawili, na majina ya Yesu na Maria. Alisema kwamba aliipenda bendera ile mara arobaini kuliko upanga wake, naye aliishika mwenyewe vitani ili asimwue mtu. Tarehe 29 Aprili 1429 aliingia Orléans, mji uliozingirwa tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Tarehe 7 Mei mshale ulimpiga kati ya shingo na bega. Alilia machozi, akafungwa jeraha, akarudi vitani. Siku ya pili Waingereza wakaenda zao. Tarehe 17 Julai Charles VII alipakwa mafuta katika kanisa kuu la Reims, na Jeanne alikuwa karibu naye, ameshika bendera yake.

Tusimfanye kuwa mtu asiyependa kitu kizuri. Mwezi wa Juni mwaka ule, kwa amri ya mtawala wa Orléans, aliyekuwa mfungwa Uingereza, alishonewa vazi la kitambaa chekundu cha Brussels, tena kizuri sana, na joho la kijani. Hesabu ya fedha zilizolipwa ingalipo. Naye alizivaa nguo nzuri kwa furaha, kama kijana mwingine wa miaka kumi na saba. Tarehe 23 Mei 1430, alipotoka nje ya mji wa Compiègne kupigana na watu wa Burgundy, alikuwa amevaa juu ya chuma joho la nyuzi za dhahabu. Mpiga upinde mmoja akalishika joho lile, akamvuta kwa nguvu, akamwangusha toka farasini. Hivyo ndivyo alivyokamatwa.

Askofu mkuu wa Reims, Regnault de Chartres, mshauri wa mfalme, hakukawia kuwaandikia watu wa mji wake. Aliwaeleza kwamba Mungu amemwacha msichana yule kwa sababu ya kiburi, na kwa sababu ya mavazi ya fahari aliyoyapenda. Maneno haya ni mazito. Siku ya kupakwa mafuta mfalme askofu huyu hakulalamika juu ya mavazi. Msichana alipokuwa akishinda, chuma chake kilikuwa alama ya Mungu. Aliposhindwa, joho lake likawa alama ya kiburi. Hata hivyo joho lile lilikuwa zito na refu mno kwa vita, nasi hatuna budi kukubali kwamba siku ile lilimponza.

Jean de Luxembourg alimweka katika ngome ya Beaurevoir. Mabibi wa nyumba ile walimhurumia, wakampa gauni, au kitambaa cha kulishona. Jeanne aliwaheshimu sana, ila akakataa, akisema kwamba hajapata ruhusa ya Mungu. Kisha aliuzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000, akapelekwa Rouen mwezi wa Desemba. Pierre Cauchon, askofu wa Beauvais, rafiki wa Waingereza, akawa hakimu wake.

Kwa sheria ya Eklezia ya wakati ule, mwanamke aliyeshtakiwa kwa uzushi alipaswa kufungwa katika gereza la Eklezia, akilindwa na wanawake. Jeanne alifungwa katika ngome ya askari, miguu katika minyororo, naye alilindwa na Waingereza watano. Watatu kati yao walilala ndani ya chumba chake. Mashitaka yenyewe yalihesabu kamba zilizozifunga soksi zake na koti: zilikuwa ishirini. Mahakimu waliziona kuwa aibu. Mwandishi wa baraza, Guillaume Manchon, alishuhudia miaka mingi baadaye kwamba msichana alizishika nguo zile kwa kuwaogopa walinzi wake usiku.

Majibu yake juu ya vazi hayakuwa ya namna moja, na jambo hili limewasumbua wengi. Mara alisema kwamba nguo ni jambo dogo kabisa. Mara alisema kwamba alizivaa kwa amri ya Mungu. Mara aliomba apewe gauni, aende zake kwa mama yake. Wakamjaribu kwa kitu alichokipenda kuliko vyote: wakamwambia kwamba ataruhusiwa kusikiliza Misa akivaa nguo za kike. Aliomba basi ashonewe gauni refu la kufika chini, alivae kanisani, halafu akirudi gerezani avae tena zile za zamani. Hawakukubali. Siku nyingine aliomba kwamba, akilazimishwa kufa, apewe shati la kike. Wakamwuliza sababu, maana aliyakataa mavazi ya kike kila siku. Alijibu kwamba yatosha liwe refu. Kwa maoni yetu jibu hilo dogo laeleza moyo wake kuliko vitabu vingi. Alilotafuta katika nguo ni kujisitiri na kuifanya kazi aliyotumwa. Aliyekuwa na gereza la haki na mlinzi mwema angaliweza kuvaa gauni. Yeye hakuwa na hayo.

Tarehe 24 Mei 1431, katika makaburi ya Saint-Ouen, mbele ya watu wengi na mti wa kuchomea ukitajwa, nguvu zilimwisha. Alitia alama ya msalaba chini ya karatasi ya kukana, akavaa gauni, akanyolewa kichwa. Alitumaini kupelekwa katika gereza la Eklezia. Cauchon akamrudisha kwa askari wale wale.

Baada ya siku chache alionekana tena katika nguo za kiume. Katika maandiko ya baraza imeandikwa kwamba alizivaa kwa hiari yake, kwa kuwa alikaa kati ya wanaume, na kwa kuwa ahadi alizopewa za Misa na za kufunguliwa minyororo hazikutimizwa. Jean Massieu, aliyempeleka na kumrudisha kila siku ya mashauri, alieleza mengine: walinzi walimnyang'anya gauni kitandani, wakamtupia nguo za zamani, naye aliwasihi mpaka saa sita mchana, hata haja ya mwili ikamlazimisha kuzivaa. Wengine walishuhudia kwamba bwana mmoja alijaribu kumtenda jeuri. Hatuwezi kuyapatanisha maneno hayo yote; lakini hakuna hata moja linalomtia msichana hatiani. Tarehe 28 Mei mahakimu walimwona katika nguo zile, na hilo, pamoja na kusema kwake kwamba sauti zake ni za kweli, likawatosha kumwita aliyerudia uzushi. Tarehe 30 Mei, baada ya kupokea Komunyo, alipelekwa uwanja wa soko la zamani, amevikwa kichwani kofia ya karatasi yenye maneno ya hukumu yake. Alikufa akiliita jina la Yesu, naye alikuwa na miaka kama kumi na tisa. Majivu yake yalitupwa katika mto Seine.

Mama yake hakunyamaza. Mwaka 1455, mzee na mgonjwa, alifika katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris, akaomba haki mbele ya wajumbe wa Papa Calixtus III. Mashahidi zaidi ya mia waliulizwa: wakulima wa Domrémy, askari, mapadri, na baadhi ya waliokaa barazani kule Rouen. Tarehe 7 Julai 1456 hukumu ya kwanza ilitangazwa kuwa batili. Jeanne alitangazwa mwenye heri mwaka 1909, na mtakatifu tarehe 16 Mei 1920.

Katika sura zilizochorwa angali hai imebaki moja tu. Tarehe 10 Mei 1429, Clément de Fauquembergue, mwandishi wa baraza kuu la sheria la Paris, alipokea habari kwamba Orléans imekombolewa na msichana mwenye bendera. Pembeni mwa kitabu chake akamchora kwa wino, na upanga, na bendera. Hakuwa amemwona hata siku moja. Basi alimchora na nywele ndefu, naye amevaa gauni.