Katharine Cook wa Mengo: mtoto wa mfalme alizaliwa nyumbani kwake

Wafanyabiashara wa Goma wanaopita Bunagana kwenda Kampala wanakijua kilima cha Namirembe na hospitali ya Mengo iliyo kule. Wachache njo wanajua habari ya muuguzi aliyeianza pamoja na bwana yake.

Katharine Timpson alitoka Uingereza. Alifika Mengo Februari 1897, kisha safari ya miezi karibu mitatu kutoka Mombasa. Mwaka huohuo Kabaka Mwanga alikimbia, na mtoto wake Daudi Chwa akawekwa kwenye kiti, akiwa na mwaka mmoja tu. Basi majirani wa hospitali mpya walikuwa watu wa lubiri, nyumba ya kifalme, wanaolea mfalme anayejifunza kutembea. Mwaka 1900 Katharine aliolewa na daktari Albert Cook. Mwaka 1902 radi iliunguza hospitali, wakajenga tena.

Kazi iliyomjulisha ilikuja kisha vita ya kwanza ya dunia: shule ya kufundisha wasichana wa Buganda kazi ya kuzalisha. Yeye na bwana yake waliandika hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili msichana asome kwa luga ya mama yake. Waliomaliza walitumwa kwenye maternite ndogo za vijijini. Mama wa Lac Vert aliyetafuta pikipiki usiku, uchungu umeshaanza, anaelewa uzito wa jambo hilo.

Lakini kuna upande unaouma. Shule ilizaliwa katika mapambano ya kaswende, na wamisionari walikuwa wanalaumu mienendo ya wamama wa Buganda na ujuzi wa bibi zao. Hapo walikosea. Mwaka 1879, kule Bunyoro, daktari Robert Felkin aliona kwa macho yake mganga mwenyeji akimpasua mama tumbo, mikono imeoshwa kwa pombe ya ndizi. Mama alipona, na mtoto pia. Misheni ilikuta watu wanajua.

Tarehe 19 Novemba 1924, Irene Namaganda, mke wa Daudi Chwa, alimzaa Edward Mutesa. Alimzalia Makindye, nyumbani kwa akina Cook, nje ya lubiri. Yule mfalme aliyekalia kiti akiwa mtoto mchanga aliikabidhi nyumba ya muuguzi uzazi wa mwana wake.

Katharine alifariki 1938. Mwaka uliofuata Daudi Chwa naye alikufa, na kijana wa Makindye, miaka 15, akaitwa Kabaka.