Otto Dempwolff na Neno la Jua katika Lugha za Ufilipino

Otto Dempwolff alizaliwa mwaka 1871 huko Pillau, Prussia ya Mashariki, akasomea udaktari wa tiba. Miaka ya 1890 alikuwa tabibu New Guinea. Mwanzoni mwa karne ya 20 alirudi huko kuchunguza malaria, kisha akahudumu Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa daktari wa jeshi. Isimu aliianza kandokando ya kazi hiyo. Nchini Tanzania jina lake hutajwa hasa kwa sababu ya kitabu chake juu ya Wasandawe, kilichochapishwa mwaka 1916. Haifai kusahau kwamba waliompa maneno hayo walikuwa watu waliotawaliwa kwa bunduki, na kwamba aliyewauliza alikuwa afisa wa jeshi hilo hilo.

Jambo lililoelekeza maisha yake ya baadaye ni uhusiano wake na Carl Meinhof mjini Hamburg. Mwaka 1899 Meinhof alikuwa ameonyesha kwamba sauti za lugha za Kibantu zinaweza kurejeshwa kwenye Kibantu mame kwa kanuni zisizobagua maneno. Dempwolff aliuchukua utaratibu huo uliokomazwa katika data za Afrika, akaupeleka visiwani. Mwaka 1920 alitoa uchunguzi wa sauti za midomo katika lugha za Kiaustronesia, na katika Chuo Kikuu cha Hamburg akazifundisha lugha za Indonesia na za Bahari ya Kusini. Kazi yake kuu ilitoka katika juzuu tatu, 1934, 1937 na 1938.

Ujasiri wa kazi hiyo umo katika juzuu la kwanza. Badala ya kukusanya mamia ya lugha, Dempwolff aliunda mfumo wa sauti wa lugha mame kwa kutegemea lugha tatu tu: Kitagalog cha Ufilipino, Kibatak cha Toba cha Sumatra, na Kijava. Kila moja ilichaguliwa kwa kuwa huhifadhi tofauti ambazo nyingine zimezipoteza. Juzuu la pili lilijaribu matokeo hayo kwa lugha nyingine, zikiwemo Kimalei, Kimalagasi, Kifiji na Kisamoa. La tatu likawa kamusi ya mashina zaidi ya 2,000.

Neno la jua na mchana laonyesha vema nguvu ya utaratibu huo, na pia kasoro yake. Mtagalog husema *araw* kwa maana zote mbili. Mmalei husema *hari* kwa siku, na jua huliita *matahari*, yaani jicho la siku. Mtoba naye ana *ari* na *mata ni ari*. Sikio lisilo na mafunzo lingeunganisha *araw* na *hari* mara moja. Kanuni ya sauti hairuhusu. Mfano wa mshipa watosha: Kimalei *urat*, Kitagalog *ugat*, Kiilokano *urat*, Kikapampangan *uyat*, Kipangasinan *ulat*. Pale ambapo *r* ya Kimalei ni ya asili hiyo, Kitagalog hutoa *g*. Kwa hiyo jamaa wa *hari* katika Kitagalog angepaswa kuwa na *g*, si *r*. Neno *hari* lipo kwa Watagalog, lakini maana yake ni mfalme.

Jamaa wa kweli wa *araw* wako karibu zaidi: *adlaw* katika Kisebuano, *aldaw* katika Kiilokano na Kibikol, *aldo* katika Kikapampangan, *agew* katika Kipangasinan. Mwisho wa neno la Kikapampangan hauna utata, kwa kuwa lugha hiyo hugeuza *aw* kuwa *o* kwa kawaida. Katikati ndipo penye jambo. Wabikol na Wailokano wana *ld*, Wasebuano wana *dl*: konsonanti mbili zilizokutana baada ya irabu hafifu iliyozitenganisha kudondoka, kisha upande mmoja zikabadilishana nafasi. Wanaisimu wa leo huandika umbo mame *\*qalejaw*. Katika Kitagalog hakuna dalili ya haya yote. *R* moja imezimeza konsonanti zote mbili. Yaani lugha pekee ya Ufilipino iliyowekwa na Dempwolff katika msingi wake ndiyo, kwa neno hili, shahidi aliyesahau mengi.

Maana nazo zimehama. Katika Kiilokano *aldaw* ni siku, na jua ni *init*, neno ambalo kwa Watagalog ni joto. Watausug wa Sulu wamebaki na *adlaw* kwa mchana, lakini jua wameliita *suga*, ambalo kwa Wasebuano ni taa. Kimalagasi kina *andro* kwa siku, linalohusishwa na kundi hili hili, na *masoandro*, jicho la siku, kwa jua.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa Taiwan, ambayo lugha zake Dempwolff hakuziingiza katika ujenzi wake. Huko Wabunun huliita jua *vali*, ambalo huwekwa pamoja na *hari* ya Kimalei, na Wapaiwan wana *qadaw*, lenye konsonanti ya nyuma kabisa ya kinywa mwanzoni, ambayo Kitagalog hakina tena. Mwaka 1935, kati ya juzuu lake la kwanza na la pili, Ogawa na Asai walitoa data nyingi za lugha hizo kwa Kijapani. Baada yake Isidore Dyen, Otto Christian Dahl na Robert Blust walilazimika kuongeza tofauti za sauti ambazo mashahidi wake watatu hawakuweza kuzifichua, ingawa sehemu kubwa ya mfumo wake ilibaki kuwa msingi wa kazi yao.

Dempwolff alifariki Hamburg mwezi Novemba 1938, mwaka ule ule juzuu la tatu lilipotoka. Sarufi yake ya Kijabêm, lugha ya New Guinea alikoanzia utumishi, ilichapishwa mwaka uliofuata.