Ibnu Sina, Tabibu Aliyemtazama Mtu Kabla ya Dawa

Wasomaji wetu wa Diani, Ukunda na Msambweni wamelishuhudia jambo hili mara nyingi. Vijana wawili wa mtaa mmoja huonja unga siku moja. Mmoja huuacha, na mwenziwe hauachi tena mpaka umemmaliza. Aghalabu huyu wa pili huambiwa kuwa hana imani. Lakini swali la kwa nini dawa moja huwafanyia watu wawili mambo mawili si jipya. Lilimshughulisha tabibu mkubwa wa Kiislamu miaka elfu moja iliyopita.

Tabibu huyo ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibnu Sina. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Qurani. Akiwa bado kijana alishiriki kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, na kwa ajili hiyo akaruhusiwa kuingia katika maktaba ya mfalme, akasoma vitabu ambavyo watu wengi hawakuwahi hata kuvisikia.

Raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki, ufalme wa Bukhara ukaanguka, naye akawa mtu wa kuhama mji hata mji. Huko Hamadan alipewa uwaziri, lakini askari wakaasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe. Alijificha siku arubaini katika nyumba ya rafiki yake. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na alipopata nafasi alitoroka kwenda Isfahan akiwa amevaa nguo za kisufi ili asitambulikane. Hata gerezani hakuacha kuandika.

Katika kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun, alieleza kwamba kila mwili una maumbile yake ya hari na baridi, ukavu na unyevu. Wazee wetu wa pwani wangali wakisema kwamba chakula hiki kina moto na kile kina baridi. Fikira hiyo inatokana na tiba ya namna hiyo hiyo. Aliandika pia kanuni za kuijaribu dawa, na mojawapo ni kwamba dawa ijaribiwe kwa binadamu, kwani ya simba au farasi haiwi ushahidi kwa mtu. Na miongoni mwa mambo sita ambayo afya haiachani nayo, pamoja na hewa, chakula na usingizi, alitia hali za nafsi: hofu, huzuni, hasira na furaha. Kwa hivyo, kwake yeye, huzuni ya mtu ilikuwa ni jambo la tabibu kuliuliza.

Mwisho wake ni wa kuhuzunisha. Akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan alishikwa na msokoto wa tumbo, akajitibu kwa haraka na kwa nguvu kupita kiasi. Mwanafunzi wake al-Juzjani amesimulia kwamba watumishi waliokuwa wamemwibia mali walimzidishia afyuni katika dawa yake. Alifariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 wa Hijra, yaani 1037. Hakuwa ametimiza miaka sitini.

Al-Qanun kilisomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Zama zetu zimeongeza yale ambayo yeye hakuweza kuyaona. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Canada, alionyesha kwamba dhiki za kila namna huacha alama zinazofanana mwilini. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani wakaonyesha kwamba panya waliobanwa mkia mara kwa mara walipopewa dawa ya amfetamini baadaye, iliwashika kwa nguvu zaidi kuliko wenzao. Sababu ni kwamba dhiki na dawa za kulevya hupita njia moja katika ubongo. Dhiki ikiipita njia hiyo mara nyingi, huiacha wazi, na dawa ikija huikuta tayari. Kwa binadamu nako imeonekana kwamba waliopata mateso utotoni ndio wanaonaswa kwa wepesi zaidi.

Sasa turudi kwetu. Agosti 1997 machafuko yaliyoanzia Likoni yalifika Ukunda na Diani. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na watalii wakakimbia. Watoto walioyaona hayo ni watu wazima leo. Si kila aliyeona dhiki amevuta unga, na si kila mvutaji aliona dhiki. Lakini mzazi amwonaye mwanawe ameanguka angeuliza kwanza yaliyompata kabla ya kumfukuza nyumbani.

Katika miaka ya karibuni tiba ya methadoni ilianza kutolewa Kombani. Dawa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo, kisha huongezwa taratibu kwa kumwangalia kila mtu na hali yake. Ibnu Sina asingeijua methadoni, lakini utaratibu huo asingeuona mgeni.