Horace Wells: Daktari wa meno aliyeanza na jino lake mwenyewe

Hebu kuwa mkweli. Jino likianza kukuuma, si huwa unaanza na kutafuna karafuu? Halafu unameza tembe za kutuliza maumivu, unatafunia upande mmoja wiki nzima na kuambia kila mtu uko sawa. Kwa daktari wa meno unaenda siku ile shavu limefura kama andazi na usingizi umehama. Na si pesa pekee zinazokuzuia. Ni kile kiti. Ni ile taa usoni, mlio wa mashine, na mtu aliyefunika mdomo wake akikuambia ufungue wako.

Sasa fikiria kiti hicho bila ganzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 mambo yalikuwa hivyo. Ulikaa, ukashikwa, koleo likaingia, ukapiga nduru hadi mtaa mzima ukajua leo ni zamu yako. Madaktari wengi waliona hiyo ni kawaida tu. Jamaa mmoja alikataa kuizoea, na leo nataka umjue.

Horace Wells alizaliwa Januari 21, 1815, katika jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1836, akiwa na miaka 21, alifungua kliniki ya meno mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Hakuwa na digrii ya meno, na hata angeitaka angeipata wapi? Shule ya kwanza ya udaktari wa meno Marekani ilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, yeye tayari yuko kazini. Ujuzi aliupata kwa kufunzwa na waliomtangulia huko Boston. Mimi niliyeacha chuo katikati, hiyo sehemu niliisoma mara mbili.

Kazi alikuwa anaijua, bana. Mwaka 1838 alichapisha kijitabu kuhusu meno, magonjwa yake na jinsi ya kuyatibu. Alifunza vijana wengine pia, mmoja wao akiitwa William Morton. Shika hilo jina, tutalirudia. Wateja walikuwepo, jina lilikuwepo. Kilichomsumbua ni kwamba kila siku riziki yake ilitoka kwa mtu anayelia.

Jioni ya Desemba 10, 1844, Wells na mkewe Elizabeth walienda kwenye onyesho mjini. Mwenye onyesho, Gardner Colton, alikuwa akiwavutisha watu naitrasi oksaidi, ile tunaita gesi ya kucheka, wakaruka na kucheka jukwaani huku umati ukivunjika mbavu. Gesi yenyewe haikuwa mpya. Mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alikuwa ameandika mwaka 1800 kwamba huenda ingefaa kwenye upasuaji, lakini watu wakaigeuza burudani.

Kijana mmoja, Samuel Cooley, alivuta gesi akaanza kurukaruka hadi akajigonga mguu vibaya. Aliporudi kuketi, damu inatoka na yeye hana habari. Umati ulikuwa bado unacheka. Wells akamuuliza kama anahisi maumivu. Hakuwa anahisi kitu.

Hapo ndipo ninapompenda huyu mtu. Angeweza kurudi kliniki asubuhi na kumjaribia gesi mgonjwa wa kwanza kuingia. Hakufanya hivyo. Kesho yake, Desemba 11, alikaa mwenyewe kwenye kiti. Colton akampa gesi, na daktari mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Wells alipozinduka alisema hakuhisi zaidi ya mchomo wa pini.

Baada ya hapo ndipo akaanza kuwatumia wagonjwa wake, zaidi ya kumi katika wiki chache. Marafiki walimshauri aisajili hataza ili kila anayetumia mbinu hiyo amlipe. Akakataa. Kwake, kutohisi maumivu kulifaa kuwa bure kama hewa. Wengine hata aliwafunza jinsi ya kufanya.

Januari 1845 akaenda Boston kuwaonyesha wakubwa. Akasimama mbele ya wanafunzi wa udaktari wa Harvard, akampa mgonjwa gesi, akang'oa jino. Lakini mfuko wa gesi ulikuwa umeondolewa mapema mno. Mgonjwa akapiga kelele. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, wakamwita tapeli. Baadaye mgonjwa mwenyewe alisema hakuumia sana, lakini nani alikuwa bado anasikiliza?

Wewe umewahi kuchekwa mbele ya watu kwa kitu unachojua ni kweli? Basi unaelewa. Wells alirudi nyumbani akaugua, na miezi michache baadaye akatangaza gazetini kwamba anaacha kliniki na wagonjwa wake waende kwa Riggs.

Oktoba 16, 1846, mwanafunzi wake wa zamani, yule Morton, akasimama katika hospitali kuu mjini humo humo Boston. Yeye alitumia etha, na safari hii mgonjwa alipasuliwa bila kulia. Ulimwengu ukampigia makofi Morton, ambaye upesi aliisajili hataza. Wells akabaki kuandika barua na makala akieleza kwamba yeye ndiye aliyeanza. Alisafiri hadi Paris kutafuta wa kumsikiliza.

Mwisho wake ni mgumu, lakini sitakuficha. Januari 1848 alikuwa New York peke yake, akijijaribia klorofomu, dawa mpya wakati huo. Aliivuta siku baada ya siku hadi akili ikamruka. Siku aliyotimiza miaka 33 alikimbia barabarani akawamwagia wanawake asidi. Akatiwa ndani. Akili ilipomrudia akaona alichofanya, hakuweza kukibeba. Januari 24 alijitoa uhai gerezani, akaacha mjane na mwana mmoja, Charles. Muda mfupi baadaye ikafika barua kutoka Paris: chama cha madaktari wa huko kilikuwa kimemtambua kama mtu wa kwanza kuwaondolea wagonjwa maumivu kwa gesi. Chama cha madaktari wa meno Marekani nacho kikamtambua mwaka 1864. Leo sanamu yake iko Hartford, na Paris pia.

Na ile gesi iliyochekwa? Colton aliirudisha kwenye kliniki za meno mwaka 1863, na maelfu waling'olewa meno kwa msaada wake. Hadi sasa hutumika, ikichanganywa na oksijeni, hasa kwa watoto na watu wazima wenye hofu. Sindano ya ganzi unayodungwa wewe ililetwa na wengine baadaye. Lakini wazo kwamba hofu yako na maumivu yako ni sehemu ya kazi ya daktari, Wells alilipigania wakati wenzake wanalicheka.

Kinachoniuma ni kwamba mtu aliyesikia maumivu ya kila mgonjwa hakupata wa kumsikiliza alipoumia yeye. Kama nawe kuna kitu kinakulemea, usikibebe peke yako hadi kikushinde. Tafuta mtu umwambie leo, hata kama ni sentensi moja tu.

Na lile jino, acha karafuu uende. Ukiketi, kabla hujafungua mdomo, mwambie daktari kwamba unaogopa. Mwombe akueleze kila hatua, na mkubaliane kwamba ukiinua mkono anasimama kwanza. Usione haya. Kuna mtu alikalia kiti hicho kabla yako, akatoa jino lake mwenyewe, ili wewe uulizwe kama unahisi maumivu.