Walimu wawili, mwili mmoja: alichotuachia Bruce Lee

Mama mmoja wa Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, ametuletea swali ambalo wazazi wengi wanalo. Mtoto wake wa kiume ana miaka 13. Kwa mwaka mzima amekuwa akijifunza karate, na sasa anataka kuanza ndondi kwa mwalimu mwingine huku karate akiendelea nayo. Mama anauliza kama kuchanganya michezo miwili ya kupigana kutamjenga mtoto au kutamvunja. Anasema kila akimkataza, kijana humtajia jina moja tu: Bruce Lee.

Basi tumjibu kupitia huyo huyo Bruce Lee. Wazazi wengi walioangalia filamu kwenye vibanda vya video wanamfahamu vizuri. Wanajua alivyopiga. Alivyoumwa ni wachache wanaojua, na humo ndimo lilimo jibu la mama huyu.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, wakati baba yake, mwigizaji wa maigizo ya kuimba ya Kichina, akiwa huko kikazi. Alikulia Hong Kong. Hakuwa mtoto wa miraba minne. Alikuwa mwembamba, na macho yake hayakuona mbali vizuri, hata ukubwani akawa anavaa lenzi. Lakini alikuwa mtundu, na ugomvi wa mitaani ulimfuata kila mahali.

Alipofikia umri kama wa mtoto huyu wa Ndalambo, alianza kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Hii ni aina ya kung-fu ya kupigana kwa karibu. Ngumi ni fupi na zinanyooka, mikono inalinda katikati ya mwili, na mtu hafundishwi kutumia nguvu nyingi bali kuwahi.

Shuleni kwao, St. Francis Xavier's College, alikutana na mchezo wa pili. Mwalimu mmoja mtawa alimwandaa kwa mashindano ya ndondi baina ya shule. Mwaka 1958 Bruce akavaa glovu, akapanda ulingoni na kumshinda kijana aliyekuwa bingwa wa miaka iliyotangulia. Alitumia ngumi zilezile zilizonyooka za Wing Chun, lakini chini ya kanuni za ndondi. Huo ndio mwanzo wa kuchanganya anakokusema kijana wa Ndalambo.

Mwaka 1959 wazazi wake, kwa kuchoshwa na ugomvi wake, walimpeleka Marekani. Alisoma chuo kikuu mjini Seattle, akafungua shule ya kung-fu, akamuoa Linda mwaka 1964 na kuhamia Oakland. Mwishoni mwa mwaka huo alipigana faraghani na mwalimu mwingine wa kung-fu, Wong Jack Man. Nani alishinda, simulizi zinatofautiana mpaka leo. Linalojulikana ni kwamba Bruce hakuridhika. Pumzi ilimkatika mapema, na aligundua kwamba ufundi wa mikono haumsaidii mtu ambaye moyo na mapafu yake havijaandaliwa.

Hapo ndipo alipoigeukia ndondi kwa dhati. Alikimbia, aliruka kamba, alipiga mfuko. Aliangalia filamu za mabondia, akiwemo Muhammad Ali, yule aliyekuja kufika Dar es Salaam mwaka 1980, ili ajifunze namna miguu inavyotembea. Kutoka Wing Chun alibaki na ngumi fupi na ulinzi wa katikati. Kutoka ndondi alichukua miguu, pumzi na kuzungusha kiuno. Mwaka 1967 mtindo wake akauita Jeet Kune Do. Wanafunzi wake walipopigana mazoezini, aliwataka wavae glovu na vifaa vya kujikinga, jambo ambalo shule nyingi za kung-fu wakati huo hazikulifanya.

Mpaka hapa kuchanganya kulimpa afya. Alikuwa mtu wa kilo 60 na kitu tu, lakini kasi na pumzi yake viliwashangaza waliomzidi mwili. Tatizo lilikuja alipoendelea kuongeza. Juu ya kung-fu aliongeza ndondi, juu ya ndondi akaongeza mbio, na juu ya mbio akaongeza kunyanyua vyuma.

Asubuhi moja ya Agosti 1970 aliweka chuma mabegani, uzito unaokaribia wa mwili wake mwenyewe, akainama mbele kutoka kiunoni na kuinuka. Zoezi hilo alilizoea. Siku hiyo hakupasha mwili moto kwanza. Mgongo ukaumia, na mshipa wa fahamu wa sehemu ya chini ya mgongo ukajeruhiwa. Madaktari walimwambia apumzike kitandani, na wakamwonya kwamba huenda asirushe teke tena.

Alikuwa na miaka 29, mke, mtoto wa kiume wa miaka mitano na binti wa mwaka mmoja. Linda akaanza kufanya kazi jioni ili nyumba ipate chakula, na yeye akabaki nyumbani na watoto. Kwa miezi kadhaa hakufanya mazoezi. Alisoma na kuandika mawazo yake kuhusu upiganaji, na maandishi hayo yalikuja kutolewa kama kitabu mwaka 1975. Kisha alirudi taratibu, kidogo kidogo, na mateke akarusha tena. Mateke yote tunayoyakumbuka kwenye filamu zake za 1971 mpaka 1973 ni ya mtu aliyekwisha kuumia mgongo. Maumivu hayakumwacha kabisa mpaka mwisho wa maisha yake.

Tarehe 10 Mei 1973 alikuwa Hong Kong akiingiza sauti kwenye filamu, ndani ya chumba chenye joto kali. Alianguka, mwili ukakakamaa na kutetemeka kama mtu mwenye degedege. Hospitalini madaktari waligundua kuwa ubongo umevimba, wakampa dawa ya kupunguza uvimbe, akapona. Alikwenda Los Angeles kupimwa zaidi, hakuonekana ugonjwa mkubwa, akarudi kazini.

Tarehe 20 Julai 1973 alilalamika kuumwa kichwa. Mwigizaji mwenzake, ambaye Bruce alikuwa nyumbani kwake, alimpa kidonge cha maumivu alichokuwa nacho, chenye aspirini na dawa ya kutuliza. Akalala, hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Uchunguzi rasmi uliona kwamba huenda mwili wake uliikataa dawa hiyo, na kifo kikahesabiwa kuwa cha bahati mbaya. Baadaye watafiti walitoa maelezo tofauti, wengine wakitaja joto, wengine wakitaja kuzidi kwa maji mwilini. Filamu yake kubwa, Enter the Dragon, ilipotoka Agosti mwaka huo, mwenyewe alikuwa ameshazikwa Seattle.

Hatuwezi kusema mazoezi ndiyo yaliyomuua, wala kwamba mapumziko marefu yangemwokoa. Lakini maisha yake yanatupa mambo ya kumwambia mama wa Ndalambo.

Mwili unahesabu yote

Mama, kuchanganya karate na ndondi si kosa. Karate inampa mtoto nidhamu, mizani na mateke. Ndondi inampa miguu na pumzi. Hatari iko kwenye hesabu. Mwalimu wa karate anahesabu mazoezi yake, mwalimu wa ndondi anahesabu ya kwake, na mwili wa mtoto unahesabu yote pamoja na yale ya nyumbani. Kijana aliyebeba mahindi kutoka shambani asubuhi, au aliyechota maji mara nne, mgongo wake umeshafanya zoezi kabla hajavaa sare ya karate.

Kwa hiyo kaa na walimu wote wawili, wajuane, na ratiba iwe moja. Wataalamu wa michezo ya watoto hutumia kipimo rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Kwa mtoto wa miaka 13, jumla ya michezo yote isivuke saa 13, na kama ana kazi nyingi za shamba ipungue zaidi. Apate angalau siku moja, na bora mbili, za kupumzika kila wiki. Akiongeza mchezo wa pili, apunguze wa kwanza kwa miezi michache mpaka mwili uzoee.

Kabla ya zoezi lolote apashe mwili moto kwa dakika 10 mpaka 15: kukimbia taratibu, kuzungusha viungo, kurusha ngumi nyepesi. Bruce Lee alikuwa stadi kuliko sisi sote, na siku moja ya kuruka hatua hiyo ilimlaza kitandani kwa miezi. Na asibebe chuma wala gunia kwa kuinamisha mgongo. Achuchumae, aweke mzigo karibu na mwili, ainuke kwa nguvu za miguu. Gunia zima la mahindi si mzigo wa mtoto.

Kichwa kiwe nje ya mchezo

Hapa ndipo ndondi inapotofautiana na karate nyingi zinazofundishwa kwa watoto. Katika karate hizo mtoto hufundishwa kuzuia pigo kabla halijafika. Katika ndondi, kumpiga mwenzako kichwani ni pointi. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la kupinga ndondi kwa watoto na vijana kwa sababu hiyo. Glovu na kofia ya kujikinga hupunguza michubuko, lakini haviuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Afrika Mashariki tunalo kovu letu. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994, baada ya pambano la kulipwa Las Vegas, alizimika akiwa ameshatoka ulingoni, na akafariki kwa majeraha ya kichwa. Jeraha la ubongo halimwangushi mtu papo hapo kila mara.

Kwa hiyo mkubalie mtoto ndondi ya mfuko, ya kuruka kamba, ya miguu na ya kupiga pedi anazoshika mwalimu. Hiyo ndiyo sehemu iliyomnufaisha Bruce Lee zaidi. Mapambano ya kupigana vichwani mkatalie.

Akipigwa kichwani kwa bahati mbaya, mazoezi ya siku hiyo yameisha, hata kama anasema yuko sawa. Mwangalie kwa karibu saa 24 mpaka 48. Mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya: kichwa kinazidi kuuma, anatapika zaidi ya mara moja, anachanganyikiwa au kusahau, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, au maji na damu kutoka puani au masikioni. Asirudi mazoezini mpaka mtoa huduma wa afya amwone na dalili zote ziishe.

Dawa na dalili

Usimpe mtoto kidonge cha jirani. Kidonge kilichomsaidia mwingine kinaweza kumdhuru wa kwako, na mtoto chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari. Aliyegongwa kichwa ndiyo kabisa, kwa kuwa aspirini inaweza kuongeza damu kuvuja. Tena dawa ya maumivu isitumike ili mtoto aweze kuendelea na mazoezi. Maumivu yakihitaji dawa kila wiki, mazoezi yamezidi.

Mtoto akizimia au akipata degedege mazoezini, hata mara moja, asirudi kabla ya kupimwa. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, ganzi, au shida ya kukojoa ni ya hospitali, siyo ya kuchua kwa mafuta. Wakati wa joto apewe maji kidogo kidogo, na zoezi lifanyike asubuhi au jioni, kivulini.

Mama, mwanao akikutajia tena Bruce Lee, usimpinge. Mwambie habari yote: ubingwa wa 1958, na pia ile asubuhi ya Agosti 1970, na miezi aliyokaa nyumbani na watoto akingoja mgongo upone. Aliyemuenzi kwa mateke amuenzi pia kwa uvumilivu ule wa kurudi taratibu.

Maelezo haya ni ya jumla. Mtoto mwenye pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kabla ya kuanza mchezo wowote kati ya hii. Tukutane wiki ijayo.