Daktari Aliyefunzwa na Bahari

Wanachama wenzangu, sisi wa Diani na Msambweni maji ya chumvi twayajua kwa kuogelea na kuvua. Archibald McIndoe aliyajua kwa tiba.

Alizaliwa New Zealand mwaka 1900. Katika Vita Vikuu vya Pili alitibu marubani walioungua huko Uingereza. Dawa ya siku hizo ilikausha vidonda hadi vidole vikakunjamana. Yeye akaona kuwa walioangukia baharini wapona vizuri zaidi. Basi akaiacha dawa ile, akawaogesha wagonjwa maji vuguvugu ya chumvi.

Mwaka 1957, yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, iliyozaa AMREF. Alifariki mwaka 1960.

Jamani, tusome kwa macho pia, si kwa vitabu tu!